Mtani Aliyelala Kaburini

Juzi fundi viatu wa hapa Kilosa stesheni alifungua kopo la rangi nyeusi mbele yangu. Ile harufu ikanipanda puani, nikasahau hata viatu nilivyompelekea. Ilikuwa harufu ya wino wa Mjomba Omari. Wino ule ulikuwa mzito, unanuka mafuta ya taa na masizi, na ukigusa nguo hautoki hata uifue na majivu. Nyumba nzima ilinuka hivyo. Upepo ukigeuka, ulituletea uvundo wa mabaki ya mkonge kutoka kiwanda kilichoitwa korona, kule mashine zilikokuwa zikikwangua majani kutwa nzima. Nimekulia katikati ya harufu hizo mbili, na msinicheke nikisema nazitamani.

Mjomba alikuwa karani wa reli enzi za Mwingereza, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Kisha padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na tangu siku hiyo ukarani ukamtoka moyoni. Akaacha kazi, akaanza kuchapa gazeti. Aliliita Kurasa Mbili kwa sababu lilikuwa na kurasa mbili, basi. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa haishi kulalamika.

"Wenzio wana mashamba," alimwambia, "wewe una makaratasi."

"Nayo yanapaliliwa, mke wangu," Mjomba alijibu, huku anazungusha.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa habari: mvua, shule, amri mpya za bomani. Ukurasa wa pili ulikuwa wa majina. Mashamba ya mkonge yalijaa manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakaitwa hivyo kwa sababu ya namba aliyopewa kila mmoja. Mnyapara aliwaita kwa namba, na wakifa walizikwa kwa namba, na huko kwao mama anaendelea kumwekea mwanawe chakula. Jambo hilo lilimkosesha Mjomba usingizi. Alizunguka kambini akiuliza nani anaumwa, nani amefungwa, nani amefariki, akachapa majina yao na ya mama zao. Rafiki zake wa reli waliyapakia magazeti kwenye treni mpaka Tabora, na huko yalisomwa kwa sauti sokoni ili kila mwenye ndugu asikie.

Hakuishia kuchapa. Mara ngapi nimeamka nikakuta mgeni anatetemeka kwa homa juu ya mkeka wangu, mimi nimehamishiwa jikoni! Nilinuna kwelikweli. Bi Zuhura naye alinuna, lakini uji alipika.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi. Mjomba alivaa kanzu yake moja ya maana, nami nikamfuata na furushi la magazeti mpaka shamba moja lililokuwa njia ya kwenda Mikumi. Tulikuta watu wanazika. Kijana mmoja, Mnyamwezi, alikuwa amekufa kwa homa. Wanawake wa kambini walikaa kando ya mstari wa mkonge, nikakaa nao. Makaburini walikuwapo wakataji wachache wenye majembe, mnyapara wao aliyeitwa Kondo, na meneja wa Kizungu aliyekuwa anatazama saa, maana kazi ilikuwa imesimama.

"Marehemu anaitwa nani?" Mjomba aliuliza.

Kondo akasoma namba kwenye karatasi.

"Nimeuliza jina. Na la mama yake."

Kondo akaikunja ile karatasi. Wale wenye majembe wakatazama chini. Meneja akapunga mkono kwamba waendelee. Hapo Mjomba wangu, mtu mzima, mwenye ndevu zake na heshima zake, akakusanya kanzu, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali.

Jamani! Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu si wazimu huo. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ya kutukana, kunyang'anya, hata kuzuia maziko mpaka apewe ada yake. Hakasirikiwi, wala maneno ya utani hayapelekwi barazani. Mimi nilizijua desturi hizo, lakini huyu alikuwa mjomba wangu, na kanzu ilikuwa nyeupe! Nilijifunika uso kwa magazeti.

"Sitoki!" alipiga kelele kutoka shimoni. "Huyu Mnyamwezi mvivu kaja kufia kwetu, hata kuaga hakuaga! Nataka ada yangu. Sitaki kuku, sitaki kitambaa. Nataka jina lake na la aliyemzaa. Nisipopewa, mtatuzika wote wawili!"

Meneja aliwaka, akamwamuru Kondo amtoe. Kondo akasogea mpaka ukingoni, akasimama hapo anajikuna kichwa. Nilimwona Mjomba miguu inamtetemeka, nikadhani anajizuia kucheka.

Ndipo mchimbaji mmoja, mtu mrefu aliyekuwa amechimba tangu asubuhi bila kusema neno, akaangusha jembe. Akapiga magoti juu ya lile rundo la udongo.

"Ni Mihayo," alisema. "Mihayo wa Kabula. Mtani, inuka. Ni mdogo wangu."

Vicheko vikakatika. Bibi aliyekaa karibu nami akasema, "Maskini, amejifichua," akanieleza kwa kunong'ona. Kijana alikuwa ametoroka mkataba wa shamba jingine, akaja kujificha kwa kaka yake, akifanya kazi kwa namba ya mtu mwingine. Kuvunja mkataba kulikuwa kifungo, na kumficha mtoro kifungo vilevile. Basi kaka mtu alimuuguza kwa siri, akafikia hata kumchimbia kaburi huku anajifanya hamjui.

"Huyu nasema nini?" meneja aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani.

Kondo alikuwa amesikia kila neno. Akamtazama yule kaka aliyepiga magoti, akamtazama Mjomba anayejikongoja kutoka shimoni.

"Wanataniana tu, bwana," alijibu. "Ni mambo ya watani."

Wakamzika Mihayo kwa jina lake, kaka yake analia waziwazi na hakuna aliyemgusa. Mjomba alipigwa marufuku kukanyaga shamba lile. Mimi shuleni waliniita Mwana wa Kaburi wiki nzima, na siku moja nilimwambia Mjomba usoni kwamba ameniaibisha. Alinipa pole, hakujitetea. Bi Zuhura ndiye aliyenivuta jikoni, akaniambia kwamba mumewe alirudi siku ile hawezi hata kushika kikombe. "Alijua wanaweza kumfunga na mashine waichukue," alisema. "Ile haikuwa furaha, mwanangu. Mjomba wako alikuwa na hofu."

Mvua zilipokatika, mama mmoja alishuka kwenye treni, akaulizia nyumba ya magazeti. Mkononi alikuwa na Kurasa Mbili, limekunjwa mpaka linachanika. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba, akasema yeye ni Kabula. Aliomba nimwonyeshe mahali alipoandikwa mwanawe, kwa kuwa alisomewa tu sokoni na yeye hakujua kusoma. Nikashika kidole chake nikakiweka pale.

"Hapa. Mihayo."

"Na hili linalofuata?"

"Kabula. Ni wewe, mama."

Hakukiondoa kidole. Nilingoja, nikachoka, wenzangu walikuwa wananiita nje, nikataka kulivuta gazeti. Mjomba akanizuia mkono.

"Mwache kwanza," aliniambia polepole. "Anazika."

Nilidhani Mjomba amekosea, maana Mihayo tulikwisha kumzika, na mimi mwenyewe nilikuwapo. Miaka mingi baadaye nililetewa barua ya msiba kutoka mbali, yenye jina la mwanangu kwenye mstari wa kwanza. Ndugu zake waliniomba niwape wamalizie kusoma. Nilishindwa kuwapa. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya jina lake.