Dawa ya kikohozi ya mama imemufukuzisha bwana yangu jeshini

Admin, uniwekee hii lakini jina yangu ufiche kabisa, juu bantu ba Dzaleka banapenda sana kujua ni nani. Niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na munane, Mukongomani wa Fizi. Nilikomalia Dzaleka, kambi ya bakimbizi, kiisha nikaolewa na Mumalawi, tunaishi Kauma hapa Lilongwe na mutoto wetu mumoja. Bwana yangu alikuwa musoda, mwanajeshi. Nasema alikuwa, juu balishamufukuza, na sababu yenye banasema ni chamba, yaani bangi.

Ilianza na kikohozi. Alirudi ku mazoezi ya jeshi akakohoa mpaka majirani bakachoka. Dawa ya hospitali alimaliza, kikohozi iko palepale. Mama yangu, mwenye bado anaishi Dzaleka, akasikia. Kwetu mama-mukwe na mukwe banaheshimiana sana: habakule pamoja, habatazamane machoni, na mama hawezi kumuuliza mukwe mambo ya mwili wake. Basi akachemsha majani yake na maziwa, akatia mu bidoni, akanipa mi: "Mupe baba wa mutoto, akunywe asubui na magaribi." Mi sikuuliza ndani iko nini. Nani anauliza mama yake vile? Bwana akakunywa, kikohozi ikapoa, akalala usingizi muzuri. Tukashukuru Mungu.

Siku zikapita kidogo, jeshini bakabapima bote mikojo, na ya kwake ikaonyesha chamba. Alikana, aliapa kwa kichwa cha mutoto, bakamufukuza tu. Na mi bibi yake sikumuamini. Nilimuambia, "Heri ungekuwa mulevi, nijue moja." Akatoka inje. Leo anaendesha kabaza, anabeba bantu na baisikeli. Basoda benzake banapita, bengine banajifanya habamuone. Mumoja alipanda, akamulipa zaidi ya bei juu ya huruma, na ile njo ilimuuma kushinda yote.

Siku moja niko Dzaleka kwa mama, tunatwanga sombe, majani ya muhogo, namulilia mambo ya bwana. Mama akasema pole pole, sauti ya kawaida, kama mutu anasema chumvi imeisha: "Lakini ile dawa ya kikohozi iko na bangi. Siku zote iko na bangi. Hata kuku zikigonjwa tunazipa." Niliacha kutwanga pale pale. Mama hakuficha kitu. Kwetu Fizi ile ni majani ya bamama bazee, ya kikohozi na ya kuku. Hakuwaza kama serikali inaweza kupima mikojo ya mutu muzima juu ya dawa.

Nilimuambia bwana siku ileile. Alilia, mwanaume mukubwa vile. Nilimuomba musamaha juu ya maneno yangu, akasema yameisha. Akaenda kuuliza avoka mumoja, mwanasheria wa mu muji, akarudi na tumaini: rufaa inaweza kukubaliwa, arudishwe kazini, lakini mwenye alipika dawa asimame yeye mwenyewe mbele ya bakubwa kule Capital Hill, ku maofisi ya serikali, aseme. Mama hakukataa. Alipanda minibasi akakuja Kauma, akaingia, akaikala sawasawa mbele ya mukwe yake na kumuangalia usoni. Sijaona kitu kama kile tangu nizaliwe. Akasema, "Mwanangu, ni mi nilikuharibia. Nitaenda kusema." Bwana akainamisha kichwa. Alisema tu, "Zikomo, mama," yaani asante.

Sasa musikie shida yenyewe. Mama na badogo zangu biko na dosie, faili ya bakimbizi ya kuhamishwa kwenda Kanada. Balishafanya entaviu, balishapimwa na munganga, banangoja ndege tu. Dosie ni moja kwa bote, mama njo kichwa yake. Mi nilitoka mule juu niliolewa. Mama akisema mbele ya serikali kama alimupa musoda bangi, polisi habatamuacha, na ile dosie inakufa. Mudogo yangu mwanamuke alinifuata mpaka ku mulango. "We ulishapata inchi, yaya," akaniambia. "Sisi tuko mu hii vumbi tangu batoto. Ukimupeleka mama kule, usikanyage tena hapa." Nilimukasirikia, lakini hakusema uongo.

Njo nikawaza niseme ni mi nilipika. Mama ataenda na batoto yake, bwana atarudia kazi, na mi batanifanya vile batataka. Nikamuambia bwana. Nasema kweli mbele yenu, nilimuambia nikitumaini atakataa. Nilitaka nisikie hapana, hata moja tu, kiisha ningeenda na moyo muzuri. Akasema, "Basi ujifunze yale majani vizuri, juu batakuuliza." Akaanza kunifundisha. Maziwa uliweka kiasi gani, majani ulitoa wapi, alikunywa saa ngapi. Kila siku akirudi na kabaza, tukimaliza kula nsima, tunarudilia. Nikikosea ananisahihisha kwa upole. Hajauliza hata siku moja mutoto atabaki na nani.

Juma hii njo batatuita kule Capital Hill. Mwenye iko na shauri anipe, na musinitukane, nimechoka. Nimupeleke mama, nijipeleke mi, ao nimuache bwana na baisikeli yake? Na mwanaume mwenye anakubali bibi yake afungwe juu yake, siku atavaa tena ile uniforme, mi nitamupigia pasi namna gani?