Siku Nilipong'oa Komeo

Jirani na duka langu hapa Omurushaka kuna fundi wa milango ya chuma. Kila anapomaliza mlango hulijaribu komeo: analisukuma, analirudisha, analisukuma tena, kah, kah, kah, mpaka aridhike. Wateja wangu hawasikii kitu. Mimi naacha kupima sukari, nangoja amalize. Wakiniuliza nasema kelele zinaniumiza kichwa, maana ukianza kumweleza mtu habari za komeo atakuona umechanganyikiwa. Ninyi nawaeleza kwa sababu hamnunui sukari kwangu.

Nyumba yetu ilikuwa Isingiro, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Mlango wake ulikuwa wa mbao za mkaratusi, mzito, umeshikwa na bawaba mbili zisizofanana. Ya juu ilikuwa ya chuma, ya dukani. Ya chini ilishakatika, na kaka yangu Fidelis akaweka kipande cha tairi badala yake, akakipigilia misumari upande wa ubao na upande wa fremu. Mpira haulii kama chuma, lakini unavutika. Kwa hiyo mlango uliinama, na komeo likawa linagonga chini ya pete yake badala ya kuingia. Kufunga kulitaka ujuzi: unatia kidole gumba cha mguu chini ya ubao, unainua kidogo, ndipo unasukuma. Usipolisukuma lote, mlango unajifungua wenyewe polepole, kama mgeni anayeona haya.

"Inua kwanza, Koku," Fidelis alikuwa akiniambia. "Komeo halina macho."

Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume peke yake kwetu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mimi nikiwa la pili. Aliugua homa wakati wa kuchuma kahawa. Wakampeleka hospitali kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na baba, na akarudi ndani ya gari la watu, amefunikwa shuka. Lilikuwa shuka letu, la maua ya bluu. Hilo ndilo nililoliona, sina jingine la kuwaambia.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Kwetu walianza wa mbali. Mimi nilikaa kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sebuleni, nikala ndizi nilizopewa, nikahisi mdomo ni wa mtu mwingine. Watu walinishika kichwa na kusema maskini mtoto. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu chochote.

Tulipomaliza kuzika, pale pale nyuma ya migomba, baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alisimama mbele ya watu akasema, "Omuryango wa ndugu yangu umefungwa." Kinamama wakaitikia kwa kilio.

Omuryango kwetu ni mlango, huu wa kuingilia. Pia ni ukoo, watu waliotoka nyumba moja. Baba mkubwa alisema la pili: ndugu yake hana tena mtoto wa kiume, nyumba yake imekwisha. Na nyumba ikiisha namna hiyo, kibanja kinatafutiwa mwenyewe. Yeye alikuwa na vijana wengi kuliko ardhi. Mmoja wao angehamia kwetu awe mrithi, na siku baba akifumba macho, mama angerudishwa kwao Kanoni, na mimi nyuma yake nimebeba masufuria. Yote hayo yalikuwa ndani ya neno moja, na watu wazima wote waliyasikia.

Mimi nilisikia mlango. Nilielewa kwamba wamemweka Fidelis nje, kisha wamefunga.

Sikubishana na mtu. Jioni, watu wakiwa wanakula uani, nilichukua plaizi ya Fidelis mwenyewe nikaenda mlangoni. Ulikuwa wazi, kwa kuwa msibani mlango haufungwi, lakini hilo halikunituliza. Wakubwa wamesema umefungwa, basi utafungwa tu. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, misumari ikatoka bila ubishi. Komeo nikalifukia kwenye shina la mgomba, nikanawa mikono, nikarudi kukaa.

Kesho yake nilimwona baba amesimama mlangoni, anapitisha kidole kwenye matundu ya misumari. Akageuka, akanitazama. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka kutu, nikaificha ndani ya kanga ya mama. Baba akaenda kuwapa wageni maji.

Siku ya kuanua matanga majirani walitawanyika, wakabaki wa ukoo. Baba mkubwa akaanza kwa upole. Msimchukie, ndiye aliyenunua jeneza.

"Ndugu yangu, sasa tuzungumze habari za kibanja. Nyumba haiwezi kukaa bila mtu."

"Sawa, kaka," baba akasema. "Funga kwanza mlango, mazungumzo yetu yasitoke nje."

Baba mkubwa aliinuka, akausukuma mlango. Ukarudi. Akausukuma tena, akapapasa mahali pa komeo kama mtu anayetafuta miwani yake. Alipouachia, ulijifungua taratibu mpaka jua likamfikia mama miguuni.

"Komeo liko wapi?"

"Muulize Koku," baba akasema.

Wote wakanigeukia. Nikasimama, maana mtoto hamjibu mkubwa akiwa amekaa. "Shikamoo, baba mkubwa," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. "Nimeling'oa. Ulisema mlango umefungwa."

Shangazi yangu alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga. Baba alikuwa akitazama nyasi. Akasema polepole, "Umesikia mwenyewe, kaka. Omuryango wangu una mtu wa kuufungua."

Baba mkubwa alitaka kuleta habari za desturi. Lakini mzee mmoja wa ukoo alisema maneno ya namna ile mtoto hafundishwi, yanakuja yenyewe, basi mambo ya kibanja tuyaache. Wakayaacha. Kijana hakuletwa. Mama yumo katika nyumba ile mpaka leo, na kibanja ni changu.

Kwenye kila harusi ya ukoo lazima mtu asimulie jinsi Koku alivyowajibu wazee. Eti nilikuwa na akili, eti nilijua haki yangu. Akili gani? Sikujua hata kama kibanja kinarithiwa. Nilitaka kaka yangu aweze kuingia. Waliponisifu siku ile sikufurahi, wala sikulia. Ganzi ilikaa mwilini miaka, nikaizoea.

Baba hakuweka komeo jingine. Usiku aliegemeza jiwe la kunolea panga. Mama akinung'unika juu ya wezi, anajibiwa atanunua kesho, na kesho yenyewe haikufika. Nilidhani ni uvivu. Nilipoanza kupata hela zangu nikaenda nyumbani na bawaba mbili mpya na komeo, nikamkuta baba anachambua kahawa kwenye jamvi. Tulikuwa wawili tu. Sijui kilinisukuma nini, nikamweleza sababu yangu ya kweli. Niliogopa nitamvunja moyo, kwa jinsi alivyojivunia jibu lile.

Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilipokutazama pale mlangoni nilijua. Baba yako mkubwa nilimpa jibu la ukoo, ndilo alilolihitaji." Akatupa punje mbovu pembeni, akatafuta nyingine. "Bawaba zifunge, mlango umechoka. Komeo liache bado. Hata mimi sijaweza kumfungia."

Nikazifunga bawaba. Komeo nilirudi nalo Omurushaka, na njia nzima nililia.