Kitabu Yetu Iliyotembea na Maharagi

Kwetu Butembo, posta ni shofere wa lori. Bageni banachekaka nikisema vile, lakini ni kweli. Unaenda asubui kwa parkingi, unamusalimia shofere, unamuuliza habari ya bibi na ya batoto (usipouliza, muzigo yako itafika imepondeka), kisha unamuambia: "Ukifika Beni, kule Beu, pale karibu na soko, uliza nyumba ya mama fulani." Basi. Hakuna timbre ya kubandika, hakuna namba ya nyumba. Na inafika! Siku moja nilituma hata keki ya ndoa, ikafika na sukari yake yote juu.

Ni kwa njia ile kitabu yetu ilitembea miaka mingi.

Tulikuwa banamuke batatu. Miye niko nauzisha bitenge Butembo, mpaka leo. Yaya yangu, dada ya tumbo moja, aliolewa Masereka, kule juu kwa baridi, analima mashu, ile kabichi, na maharagi. Na wa tatu ni rafiki yangu wa masomo. Yeye ni Muislamu, miye ni Mukatolika, tulikaa banc moja ya darasa miaka yote ya sekondari: miye nilimukopia hesabu, yeye akanikopia Kifaransa, Mungu atusamehe wote wawili. Aliolewa Beni, kwenye commune ya Beu, na shofere. Na shofere yule ndiye alikuwa posta yetu. Alipakizaka mboga Masereka, akapita Butembo, akashusha Beni, akarudia na ndizi na mafuta ya mawese.

Rafiki yangu ndiye aliipata ile kitabu, kwa muchuuzi moja wa bintu bya ng'ambo. Gamba ilikuwa imepotea, na pamoja na gamba ilipotea jina ya kitabu na jina ya mutu aliyeiandika. Mpaka leo sijui ni nani nimushukuru. Ilikuwa hadisi ya fundi moja wa cherehani. Kwa kutaka kuoa, aliwadanganya bakwe zake kama iko na motoka. Motoka iko wapi? Iko garaji. Motoka iko wapi? Nimeiazimisha padri. Mama mukwe naye, kila siku ya Mungu, anavaa nguo ya sikukuu, anakaa mbele ya mulango na sakoshi juu ya magoti, anangojea motoka ije imutembeze. Kitabu munene vile, na ndani yake hakuna hata tairi moja!

Kiswahili yake ilikuwa ile ya pwani, Kiswahili ya kuvaa kravati. Lakini ilituchekesha mpaka mbavu. Yaya alikuwa anaisomea banamuke ba Masereka wakati ya kupura maharagi. Anaigeuza Kinande pale pale, na akiona mahali moja haichekeshi ya kutosha, anaongeza yake. Nilienda kumutembelea, nikasikia fundi ameuzisha mbuzi ya mukwe wake.

"Yaya, mbuzi iko wapi ndani ya kitabu?"

"Haiko. Lakini ilipashwa kuwa."

Tulikuwa na sheria moja, na hatukuiandika popote: kitabu haitembee mukono mutupu. Kwa siye Banande mutu haende kwa mwenzake mikono mitupu. Basi kitabu nayo vile vile. Kutoka Masereka ilikujaka ndani ya mufuko ya maharagi, katikati kabisa, imefungwa na kipande ya kitenge, maharagi chini na maharagi juu, mvua isiiguse. Kutoka Beu ilikujaka na ndizi. Miye niliitumaka na sabuni na chumvi. Ulipoipokea, mbele ya kusoma ulinusa kwanza. Ukurasa moja ya katikati ilikunywa mafuta ya mawese, ikakuwa njano yote. Ile tulikuwa tunaisoma tukiiinua kwa jua.

Eh, ile wakati! Niko nyuma ya meza yangu sokoni, muteja anauliza bei ya kitenge, miye nacheka peke yangu sawa mwenye wazimu, muteja anaenda kwa jirani. Haikuniuma. Leo batu banatumiana bichekesho kwa simu: unacheka kidogo, unafuta, umesahau. Siye kucheka tuliingojeaka. Nilijua kama yaya iko nayo, nikahesabu mavuno yake. Nilijua kama iko Beu, nikauliza kila shofere kama mvua imeharibu barabara. Ile kungojea naitamani sana, kuliko hata kitabu yenyewe.

Shofere wetu yeye alikuwa anatuzarau. Alibwagaka mufuko mbele ya meza yangu na kusema: "Muzigo ya bapumbafu imefika. Nyinyi bamama, hamuna kazi?" Namujibu: "Na weye, unajua kusoma kitu ingine kuliko namba ya motoka?" Anacheka, anakunywa chai yangu, anaenda. Alikuwa mutu muzuri. Sikumuambia hata siku moja.

Nyumbani kwao Beu kulikuwa jambo moja lililomukula rafiki yangu moyo. Mama mukwe wake alikaa nao katika lupango moja, kiwanja moja na nyumba zake. Mwanamuke wa maneno kidogo na tasbihi ndefu. Akikutazama, unaangalia kama nguo yako imepasuka. Na bwana, kila akirudi safari, haanzie kwa bibi yake. Anaenda kwanza chumba ya mama yake, anafunga mulango, na banacheka. Banacheka mpaka kukohoa! "Ni miye banachekaka," rafiki yangu aliniambia. "Chakula yangu, matembezi yangu, kwetu kule. Ni nini ingine?" Nilimuambia aachane na ile mawazo. Lakini moyoni nilisema: ndiyo, ni yeye.

Kisha breki ya lori ilimuacha shofere wetu kwa muteremuko moja, na siku ile ile, kama dini yao inavyotaka, akazikwa.

Yaya hakuweza kuja, alikuwa mugonjwa. Alituma mufuko ya maharagi ya kusaidia kilio, sababu kilio inakula. Mufuko ilinipata Butembo, nikaipakiza pamoja na bintu byangu, nikaenda nayo Beni. Njia yote niliikalia, nikilia.

Nilimukuta rafiki yangu amekaa ndani karibu na mulango, amejifunika. Aliponishika mukono ndipo aliniambia polepole: kesho bakwe banakaa kikao. Banataka kukata neno kama yeye na batoto babakie katika nyumba, ama barudi kwa bazazi wake. Lupango ilikuwa ya mama mukwe, kwa hiyo neno ya mwisho ni yake. Na mama mukwe, tangu mazishi, hakufungua kinywa. Hakulia hata.

"Nikifanya kosa moja tu, nimekwisha," aliniambia.

Kosa hakuifanya yeye. Ilitoka kwetu.

Asubui ile ile banamuke balikuwa kwenye kiwanja banatayarisha chakula ya batu ba kilio. Bakashika mufuko ya yaya, bakaimwanga juu ya mukeka kwa kuchagua maharagi. Na katikati ya maharagi, puu! kikaanguka kipande ya kitenge, na ndani ya kitenge, kitabu yetu.

Yaya, yaya! Miaka yote ile, kila akifunga mufuko ya Beu, anaweka maharagi, anaweka kitabu, anaweka maharagi tena. Nyuma ya kilio aliniambia kwa simu: "Mikono ndiyo ilifanya. Miye nilikuwa nalia."

Wifi moja, dada ya marehemu, mwenye ulimi ya wembe, ndiye aliiokota. Akaifungua mahali popote na kusoma kwa sauti: mama mukwe anapanda juu ya kiti mbele ya majirani na kupiga kelele kwamba motoka yake imechelewa.

"Ni bichekesho!" wifi akasema. "Musikie nyote! Udongo ya kaka yetu haijakauka, na bibi yake anatumiwa bichekesho na barafiki zake. Na juu ya byote, ni ya kuchekelea mama mukwe!"

Miye hasira yangu iko karibu, kila mutu wa soko anajua. Nikasimama. "Wifi, kosa ni ya kwetu. Huyu hakuomba kitu. Ukitaka kutukana, nitukane miye, niko hapa mbele yako."

"Nani alikuita weye?"

Nilikuwa tayari kumujibu, na jibu yangu haingekuwa ya kilio, wakati tulisikia sauti kutoka kibaraza.

"Leteni."

Alikuwa mama mukwe. Wifi akamupelekea kitabu mbio, na uso ya mutu ambaye ameshinda. Muzee yule hakujua kusoma. Aliipokea na mikono miwili, akaigeuza, akaipeleka kwenye pua, akanusa. Kisha akamutazama rafiki yangu kule mulangoni. Nilimuona rafiki yangu anafunga macho.

"Ni hii?" mama mukwe aliuliza. "Ile ya fundi na motoka?"

Rafiki yangu alisema: "Ndiyo, mama. Mama umeijua wapi?"

"Kwa bwana yako. Alikuwa anaegesha motoka pembeni ya njia, anasoma kwanza mbele ya kuwaletea. Akifika hapa, ananielezea kipande. Kila safari kipande. Alisema: mama, hapana kumuambia bibi yangu, namuambiaka kila siku kama kitabu yake ni ya bapumbafu."

Rafiki yangu alifunua uso. "Ni kile mulikuwa munafungia mulango?"

"Kumbe ni nini?"

"Miye nilizani munanicheka miye."

"Weye?" Mama mukwe alimupima kutoka kichwa mpaka miguu. "Weye una nini ya kuchekesha?"

Nilisikia mutu moja nyuma yangu anazuia kicheko na kitenge. Lakini rafiki yangu alikuwa analia, na machozi ile haikukuwa ya kifo peke yake. Miaka yote ile alipita mbele ya mulango ule na moyo muzito, na nyuma ya mulango kulikuwa kitabu yake mwenyewe!

Mama mukwe alipapasa kitabu na kidole. "Alinifikisha pale mama mukwe anachoka kungojea, anaenda yeye mwenyewe kutafuta motoka ku garaji. Akasema amechoka, atanimalizia akirudi." Akafunika kitabu na kiganja. "Hakurudi. Mwanangu hakurudi kunimalizia." Akamunyooshea rafiki yangu kitabu. "Kuja hapa. Soma."

"Mama, kwa kilio?" wifi akasema.

"Nyamaza weye. Unajua kitu gani?"

Basi rafiki yangu akatoka mulangoni, akakaa chini karibu na miguu yake, akatafuta ile mahali ya garaji, akaanza. Alisoma na sauti ya chini, ya kuogopa, kama mutoto mbele ya inspekteri. Banamuke baliacha maharagi. Hakusoma sana, mama mukwe akamukamata mukono.

"Hapana vile. Mama mukwe wa ndani ya kitabu, yeye alimufanyaka na sauti yangu."

Na pale pale, muzee yule wa tasbihi ndefu akainua pua, akafinya midomo, akatuonyesha jinsi mwanawe alivyomuigizaka yeye mwenyewe: "Motoka... iko... wapi?"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka kwa kilio ya mutu niliyemupenda, na siyo miye peke yangu. Kiwanja nzima! Hata wifi alijifunika uso na mabega yake inaruka. Yeye mama mukwe alicheka mpaka kukohoa, na kukohoa ikageuka kulia, kilio kikubwa, ile aliyoifunga tangu siku ya mazishi. Rafiki yangu akamushika kichwa, akakiweka juu ya bega yake. Hakuna aliyewatenganisha.

Kesho yake bakwe balikaa. Baba mudogo wa marehemu alikuja na maneno marefu juu ya desturi, juu ya batoto, juu ya nyumba. Mama mukwe alimuacha aseme mpaka akachoka. Kisha akasema: "Huyu haendi popote. Nani atanisomea?" Walizani uchungu imemugeuza kichwa. Lakini lupango ilikuwa yake, na chai ikaletwa.

Nilirudi Butembo bila kitabu, sikuthubutu kuiomba. Yaya anaendelea kuielezea Masereka bila karatasi, na sasa fundi iko na mbuzi mbili na bibi wa pili. Mwandishi mwenyewe akipita kule, hatatambua kitu. Bashofere bapya banafanya njia, bazuri, banafikisha bintu, na miye napokea ndizi kutoka Beu kila mara. Naingizaka mukono katikati, mpaka chini. Ni ndizi tu.

Hii mwaka nilichoka, nikamupigia rafiki yangu simu. "We bibi, kitabu yetu itarudi lini? Miye na yaya tutakufa na hamu!"

Alishusha sauti, nikajua mama mukwe iko karibu. "Bado hajamaliza."

"Hajamaliza namna gani? Ilibakia kipande kidogo tu!"

"Tunafikaka mpaka ukurasa ya mwisho," aliniambia. "Tukifika pale, ananinyang'anya kitabu, anaifunga. Anasema macho yangu imechoka, tuanze tena kesho."