Kifo cha Yasuji Kilivyobadilishwa

Wiki nzima Shigeno Uematsu alikuwa shambani kwenye pamba. Jumapili wenzake walikwenda kutazama besiboli, yeye akabaki nyumbani kuandika hadithi. Aliandika kwa Kijapani, na waliomsoma ni Wajapani wenzake waliohamia Brazili, kupitia jarida la mzee Tokuda.

Kaka yake Yasuji aliuawa mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili. Kosa lake ni kusema hadharani kwamba Japani imeshindwa, huku nusu ya watu wa makazi yao wakishikilia kwamba imeshinda. Watu wa upande huo walimpiga risasi mlangoni, akivua viatu. Shigeno alimtambua mmoja wao, jirani yao Iwao Nagase, akamtaja kwa polisi. Hakuna mwingine aliyekubali kusema kitu, Nagase akaachiwa.

Miaka ilipita ndipo akaandika hadithi ya kifo hicho. Mzee Tokuda aliisoma mbele yake hadi chai ikapoa.

"Dada Shigeno, hii ni bora kuliko zote ulizoniletea. Siwezi kuichapa."

"Sijataja jina la mtu."

"Utaje la nini? Kila mtu atamjua, na Nagase ni mwenyekiti wa chama chetu cha Wajapani. Watoto wetu wanaoana. Mfishe kaka kwa malaria."

"Hakufa kwa malaria."

"Basi wapelekee Wabrazili wakusomee."

Jarida jingine halikuwepo. Shigeno alijiambia ni afadhali Yasuji asomwe kuliko asahaulike, akambadilishia kifo. Hadithi ikashinda tuzo ya chama. Kwenye sherehe, aliyemkabidhi cheti ni mwenyekiti Nagase.

"Nimelia, dada," alisema. "Homa ile ilitumalizia vijana wazuri."

Shigeno akainama, akapokea. Watu wakapiga makofi.

Usiku ule hakula. Hakuandika tena hadi uzeeni, Nagase alipokwisha kuzikwa kwa heshima zote na jarida kufa kwa kukosa wasomaji. Hapo akaandika upya ile ya kweli, akaichapisha mwenyewe. Mjukuu wake Sueli alikigeuzageuza kile kijitabu cha Kijapani, lugha asiyoweza kuisoma, hajui kinaanzia upande gani.

"Kinahusu nini, bibi?" aliuliza kwa Kireno.

Kireno cha Shigeno kilikuwa cha sokoni na cha bandani. "Kaka yangu. Alikufa."

"Kwa malaria. Mama alinisimulia."

"Hapana." Alitafuta neno, akapata lile la kuku. "Watu walimchinja. Watu wa hapa."

Sueli alicheka kwa upole. "Mtu hachinjwi, bibi. Sema alifariki." Akamfundisha neno hilo polepole, silabi kwa silabi, mpaka bibi akalitamka vizuri.