Bibi Aliyenipigia Simu Kuuliza Risasi ya Kulungu

Simu ya mezani ililia Jumapili moja mchana, nikaruka kwenye kiti.

Sikujua kama kile kidude huwa kinalia.

Nilipochukua intaneti hapa kwangu Anderlecht, ughaibuni, walinipa na namba ya simu ya mezani. Nikachomeka simu kuukuu, nikaiweka juu ya friji, nikaisahau. Nani angenipigia? Mimi Numbi, mtoto wa Likasi, wiki nzima napanga makatoni ghalani na watu tunaosalimiana kwa kutikisa kichwa. Jumapili naenda kanisani Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, nikitoka narudi kusikiliza friji.

Nikapokea.

Sauti ya bibi kizee, Kifaransa cha wenyeji, kikavu. Mimi hapa nawawekea kwa Kiswahili.

"Bwana, nataka kumwangusha kulungu dume, wale wakubwa wa pembe za matawi. Umbali ni mita mia tatu. Unanishauri risasi gani?"

Sasa wewe ungejibu nini?

Mwenye akili zake angesema umekosea namba, akakata. Lakini mimi nimelelewa na nyanya, na kwa nyanya hakuna shida inayoelezwa kabla ya salamu. Mdomo ukatangulia akili.

"Bonjour, maman. Umelalaje? Na hapo nyumbani, wote wazima?"

Nikadhani amekata.

"Nimelala vibaya," akasema. "Na hapa nyumbani niko peke yangu."

Nikampa pole. Tukaongea kidogo habari za magoti yake na mvua isiyokoma. Akaniambia anaitwa Berthe, nami nikamtajia jina langu. Kisha akarudi kwenye risasi yake, nami badala ya kusema ukweli nikamwomba muda nimtafutie jibu, apige Jumapili ijayo.

Kwa nini nilifanya vile? Nilitaka apige tena. Ndiyo hivyo, sina la kuficha.

Nikatafuta ile namba mtandaoni. Kumbe zamani ilikuwa ya duka la bunduki, papa hapa Anderlecht. Duka lilifungwa, namba ikatolewa kwa mteja mwingine, ikaniangukia mimi.

Basi nikaanza kusoma. Mimi, ambaye bunduki naiogopa hata ikiwa imelala begani kwa polisi. Nikajifunza kwamba risasi haiendi moja kwa moja, inaporomoka kadiri umbali unavyozidi, kama jiwe ulilorusha. Nikajifunza kuna nene zenye nguvu zinazopiga teke bega, na kuna nyembamba ndefu zinazopasua upepo bila fujo.

Jumapili ikafika, saa ileile, simu ikalia.

"Umelalaje, maman?"

"Afadhali kidogo."

Nikamtajia risasi ya kwanza, ile wanayoiita trois cent huit, mia tatu na nane. Akauliza, kwa mita mia tatu itashuka kiasi gani? Sikujua. Nikaenda kusoma. Wiki iliyofuata nikamletea nyingine yenye kasi kubwa zaidi. Akauliza, na bega langu mimi kizee? Nikaleta nyembamba, teke lake dogo. Akauliza, na upepo ukivuma bondeni?

Yule bibi alikuwa na maswali, ndugu zangu! Kila jibu langu alilipatia kasoro, nami kila Jumapili nilirudi kwenye simu na jingine, kama mwanafunzi anayerudia darasa kwa hiari. Nikawa natoka ibadani mbio ili nisikose saa ile. Nikawa na mtu. Hujakaa mji huu peke yako, hutaelewa.

Siku moja nikamweleza Dady, kinyozi wangu wa Matonge. Akaacha kunyoa.

"Numbi, we uko unacheza na moto. Siku police wanasikiliza ile telefone, utasema nini? Muntu mweusi, anafundisha maman wa kizungu namna ya kupiga nyama ya pori ku trois cents mètres."

Nikamjibu ni mazungumzo tu.

"Bon, umwambie ukweli, umalize."

"Na akiacha kunipigia?"

Dady akarudisha mashine kichwani kwangu. Akasema, "Alors, utabakia peke yako kama zamani. Lakini siku ule mama anakwenda ku pori na maneno yako, nyama inaumia, ama yeye mwenyewe, utalala?"

Nilitoka pale na kichwa kilichonyolewa upande mmoja vizuri na upande mmoja vibaya. Maneno yalikuwa yameniingia.

Agosti ikaisha. Jumapili ile Berthe hakuzunguka.

"Msimu wa kuwinda unafunguliwa," akasema. "Leo nitajie moja tu. Kesho nakwenda kuinunua."

Niliona mnyama amevunjwa paja, anajikokota vichakani kwenda kufa polepole, kwa sababu ya mpanga makatoni aliyetaka mtu wa kuongea naye. Na upande mwingine niliona Jumapili zangu zote zinazokuja, mimi na friji.

Sikuwahi kuogopa upweke kama dakika ile.

"Maman Berthe," nikasema, "usinunue kitu. Mimi si duka. Ni mtu tu anayekaa peke yake chumbani. Bunduki sijawahi kushika. Nisamehe."

Nikafumba macho nikisubiri akate.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Duka lilikuwa la mume wangu. Nilimzika miaka miwili iliyopita. Siku ile nilipiga namba yake nisikie tu inavyoita. Ukapokea wewe, nikashtuka, nikasema maneno ambayo wateja wake walikuwa wanasema kila siku."

Kumbe bunduki hana, pori haendi, na kila swali alilonihangaisha nalo alikuwa na jibu lake tangu zamani.

"Kwa nini hukukata?"

"Mume wangu alikaa kwenye ile simu maisha yake yote, na hakumuuliza mtu amelalaje hata mara moja. Wala mimi. Ulipouliza tu, nikajua namba imempata mtu wa aina nyingine." Akapumua. "Nikaona huyu mtu naye hana wa kuongea naye. Msimu ukifunguliwa mteja haulizi tena, ananunua, ndiyo maana leo nilisema vile. Lakini niliogopa nikimaliza maswali hutapokea tena."

Ndugu zangu, mimi nikidhani namtunza bibi, kumbe bibi ndiye anayenitunza.

Nililia. Mwanaume mzima, nimeegemea friji.

"Usilie, nijibu," akasema. "Kulungu, mita mia tatu. Risasi gani?"

"Sijui, maman."

"Mume wangu aliwajibu wote hivi: kama hapo ni mbali mpaka unatafuta risasi kubwa zaidi, weka bunduki begani, utembee. Sogea karibu. Walikasirika, wakanunua kubwa hivyohivyo." Kisha akauliza: "Wewe unakaa mtaa gani?"

Nikamtajia.

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Alikaa mtaa wa nyuma yangu, kando ya lile duka la mumewe. Miezi yote ile simu zetu zilivuka ua mmoja wa nyuma na takataka zake.

Nikavaa koti. Nikazunguka kona, nikapita mbele ya duka lililoshushwa mabati, nikabonyeza kengele ya pembeni yake. Akafungua mwenyewe, mfupi, ana sweta ya kiume iliyomzidi mikono.

Nikafungua mdomo nimsalimie kama kawaida. Akaniwahi.

"Umelalaje, Numbi?"

Tangu nishuke ndege nchi hii, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wewe unayesoma hii peke yako chumbani, na kuna mtu unamtazama kwa mbali ukitafuta neno kubwa la kumfikia, sikiliza. Neno dogo linatosha. Sogea tu.