Eda ya Tatu ya Verdiana

Kwa mujibu wa redio, mume wa Verdiana amekufa mara tatu. Mara mbili za kwanza alirudi. Hakurudi nyumbani Makanyagio, ambako mkewe ana kibanda cha kuuzia mchele. Alirudi kwenye simu za watu, mzima, ndevu zimerefuka kuliko zilivyokuwa kabla ya kufa.

Malale alikuwa fundi pikipiki. Alizaliwa katika familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Majimoto na ng'ombe wao, akajifunza ufundi Mpanda mjini kwa bwana mmoja Mwislamu, akasilimu kwa hiari yake. Verdiana, binti wa wakulima wa mpunga Wakatoliki, alisilimu siku ya ndoa. Mtaani wanamwita Mama Nyanzala, kwa jina la binti yao aliye darasa la sita.

Miaka minane iliyopita Malale aliaga kwamba anakwenda Msumbiji kuchimba rubi. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili simu zikakoma. Kisha ikaja video: wanaume wamejipanga msituni na bunduki, na mbele yao mmoja aliyejifunga kitambaa usoni, kamanda wao wanayemwita amiri, akiwatangazia wanakijiji waliokalishwa chini kwamba sheria ya serikali imekwisha, ya kwake ndiyo imeanza. Lafudhi ilikuwa ya Kisukuma. Alipomaliza kusema alijipangusa viganja mapajani, kama anayefuta oili. Verdiana alizima simu, akaendelea kupepeta mchele.

Ukatili angeweza kuuamini, watu hubadilika. Uongozi ndio uliomshinda. Mwenye nyumba wao wa zamani alikuwa na tabia ya kufungia kuku wake jikoni kwao, na katika miaka minne Malale hakupata kumwambia neno. Alimtuma mkewe. Sasa mtu huyohuyo, walisema watangazaji waliokwisha kumtaja kwa jina, alikuwa na wapiganaji mia mbili chini yake, na neno lake lilitosha kuteketeza kijiji.

Kifo cha kwanza kilipotangazwa, Shehe Kapama, imamu wa msikiti mdogo wa mtaani, alimweleza wajibu wake: mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Verdiana akafunga kibanda. Hakupaka mafuta ya kunukia, hakutia hina, hakutoka nje ila kwa dharura. Mama yake, Rozalia, alikuja kutoka Majimoto na nusu gunia la mchele, rozari shingoni, akaketi mkekani pamoja na wanawake wa Kiislamu asiulize kitu. Siku ya sabini na moja amiri akaonekana kwenye video, akikagua vijana wake. Wanawake wakakunja mkeka. Mmoja wao alicheka, akasingizia kikohozi.

Eda ya kifo cha pili aliifikisha siku ya mia na kumi na sita. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu ilipoanza kusambaa sauti ya amiri akiwapa wapiganaji wake mkono wa Idi. Lucia, muuza vitumbua wa jirani, alishindwa kujizuia.

"Mama Nyanzala, mumeo ana roho ya paka," alisema. "Safari ijayo tusubiri basi hata azikwe."

Verdiana alicheka pamoja na wanawake wenzake. Kufikia hapo alikuwa na sababu ya kutaka kifo kimoja kishike. Songoro, mgane kutoka Ujiji mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa amempelekea shehe nia yake. Ni mtu wa maneno machache, na binti wa Verdiana humwamkia bila kuambiwa. Ila sharti lake lilikuwa moja, naye hakulificha.

"Mjane nitamwoa kesho," alimwambia shehe. "Mke wa mtu siwezi. Na mke wa mtu yule siwezi mara mbili."

Shehe alimkumbusha Verdiana kwamba ipo njia ya mahakama. Mume aliyetelekeza mke miaka yote hiyo anaweza kudaiwa talaka. Verdiana alikataa. Kudai talaka ni kusimama mbele za watu na kusema Malale yu hai, ni nani, na kwamba yeye anamwacha. Watu wa namna ile, aliamini, wana masikio kila mahali. Kifo kilikuwa njia fupi.

Mwezi wa nane mwaka huu redio ikamuua tena. Safari hii shehe alimwambia asikae eda mpaka upatikane uthibitisho. Rozalia hakuja, alituma salamu tu kwamba magoti yanamsumbua. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Verdiana akaitwa kwenye ofisi ya mtaa. Songoro alimpeleka kwa pikipiki, akabaki nje.

Ndani walikuwa maafisa wawili wageni. Mkubwa wao alikuwa mpole. Alieleza kwamba baba wa Malale ameshafariki na ndugu zake wamesema hawamjui, kwa hiyo mke ndiye aliyebaki kumtambua. Akamwonya kwamba picha si nzuri, kisha akamgeuzia kompyuta. Uso ulikuwa umevimba, una ndevu. Ungeweza kuwa wa yeyote.

"Ukithibitisha, dada, tunafunga faili," alisema. "Na wewe unapumzika."

Picha ya pili ilikuwa ya mwili mzima, umelazwa chali kwenye turubai, miguu mitupu. Malale alikatwa kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto na plau ya ng'ombe akiwa na miaka tisa. Verdiana alihesabu vidole vya yule maiti. Akahesabu tena. Vilikuwa kumi.

Mle ndani hakuna mwingine aliyejua habari ya kidole. Ndugu za Malale walishajitoa. Neno moja lingetosha: miezi minne na siku kumi, kisha harusi ndogo, kisha maisha. Aliitazama ile miguu. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri. Pengine alizikata mwenyewe. Pengine yuko mwanamke mahali ambaye hajaanza eda kwa kuwa hajui, na marehemu akizikwa kwa jina la Malale hatajua kamwe.

"Siye," alisema.

"Tazama tena, dada."

"Nimetazama. Malale hana kidole cha mwisho kushoto. Huyu anavyo vyote."

Afisa mdogo aliinua macho. "Mama, unamlinda mumeo?"

"Ningetaka kumlinda ningesema ndiye, nyie mkaacha kumtafuta." Alisukuma kompyuta polepole upande wao. "Huyu naye ana kwao. Waulizeni wengine."

Waliandika, akasaini. Mkubwa alifunga kompyuta bila kumshukuru.

Nje alimweleza Songoro yote, mpaka kucha. Songoro alisikiliza huku akichezea ufunguo wa pikipiki. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ya chini, kama haikuwezekana kutazama uso peke yake. Verdiana alipanda pikipiki. Songoro alimrudisha mpaka mlangoni kwa adabu ileile ya siku zote, na baada ya sala ya Ijumaa shehe alikuja kusema, akitazama viatu vyake, kwamba ile posa imeondolewa.

Mwezi wa kumi Verdiana alikwenda mahakamani. Karani, msichana mwenye haraka, alimdai kwanza barua ya baraza la usuluhishi, kuonyesha kwamba mume na mke wamekalishwa pamoja wakashindwana. Verdiana akasema mume hawezi kukalishwa. Karani akauliza wito upelekwe wapi. Verdiana akasema hajulikani alipo. Pengine Msumbiji, msituni. Karani akaeleza kwamba katika hali hiyo tangazo litatolewa gazetini, lenye jina la mume na la mke, na shauri litasubiri.

"Lakini yu hai?" aliuliza, kalamu juu ya karatasi. "Maana kama amekufa huna haja ya talaka."

"Yu hai," alisema Verdiana, kwa sauti iliyofika benchi la nyuma. "Andika."

Waliokuwa kwenye benchi waliinua vichwa. Karani aliandika.