Gari Lililochelewa Kukata Kona

Walimwita Bi Sita kwa sababu katika miaka tisa ya kuandika ukurasa wa gemu hakuwahi kutoa alama kumi, na tisa aliitoa mara moja tu, akaijutia mwezi mzima. Sita kwake ilikuwa sifa. Gemu ikipata saba, walioitengeneza walikata ukurasa wakautia kwenye fremu. Ikipata nne, walinyamaza kama watu waliofiwa. Mwenzake wa gazeti la pili aligawa kumi kama pipi harusini, na ndiyo maana hakuna aliyemsoma.

Si kwamba alikuwa na elimu kubwa. Aliishia darasa la saba. Aliwahi kuwa na chumba cha gemu chenye televisheni nne, mabenchi mawili na feni iliyopuliza upande mmoja, upande aliokaa yeye. Wateja walikuwa wakigombana ni gemu ipi nzuri mpaka wanakunjana mashati, basi akabandika karatasi ukutani kumaliza ubishi. "Ya ngumi: nne. Refa kipofu, na ukimchagua yule mwenye nywele nyekundu umeshashinda, nenda nyumbani." "Ya mafumbo: sita. Inakufanya mjinga kwa heshima." Siku moja mtu wa gazeti aliingia kujikinga na mvua, akaisoma karatasi yote amesimama, akacheka peke yake, na wiki iliyofuata Bi Sita akawa na meza.

Sharti lake lilikuwa moja na alilitunga mwenyewe: hakuna kumaliza, hakuna alama. Gemu uicheze mpaka mwisho, hata kama ni mbovu, hata kama inakuchosha roho. Huwezi kumhukumu mpishi kwa kunusa sufuria.

Sasa mwaka huu gemu zilikuwa zimeharibika. Hivyo ndivyo alivyoona yeye. Ilianza ya mpira: ukibonyeza pasi, kabla mpira haujaondoka mpinzani ameshaukwapua. Akaipa nne. Ikaja ya mapigano: ngumi yako inafika wewe ukiwa umeshalala chini. Tatu. Ya risasi, vilevile, nne, nayo aliimaliza kwa siku kumi na mbili badala ya nne. Ikaja ya mbio za magari, kazi ya mtu na mkewe, gemu ndogo isiyo na kampuni nyuma yake. Hiyo aliiandikia sentensi ambayo watu waliirudia mpaka kwenye vinyozi: "Gari hili huliambii kona, unaliandikia barua." Tatu.

Zile za polepole zilikuwa zimenawiri. Mafumbo, nane. Ya kulima shamba na kufuga kuku, nane na nusu. Ya hadithi, ambayo unatembea tu na kuongea na majirani, nane. Bi Sita aligawa nane nyingi mwaka ule kuliko miaka minane iliyopita, na hakujiuliza.

Aliyejiuliza ni binti yake, aliyekuwa akiuza dawa katika duka la dawa na kurudi na macho ya kupima watu.

"Mama, siku hizi huvai blauzi."

"Zimenibana."

"Zimekubana kwenye vifungo tu?"

"Wewe umekuja kula au kukagua?"

"Nimekuja kula. Lakini mkate nimekata mimi, na chai nimemimina mimi. Kidole gumba hicho kina nini?"

"Kina mwenyewe," Bi Sita akasema, akakificha ndani ya kanga.

Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na tabia mpya. Ukikituma, kinakaa kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani naye yuko kwenye utamu wa mchezo. Baadaye kinaitika. Lakini alisema ni baridi, na baridi ilipoisha akasema ni uchovu.

*

Mtengenezaji wa gemu ya magari alikuja ofisini Jumatatu, akaketi mapokezi na kompyuta magotini. Jumanne akaja tena. Jumatano mama wa chai akapanda ngazi na toroli lake na habari.

"Kuna mtu wako chini. Hataki chai, hataki kuondoka."

"Watengenezaji ni wa aina mbili," Bi Sita akasema bila kuinua macho. "Wanaolia na wanaotukana. Huyu yupi?"

"Huyu anashukuru."

Bi Sita akaweka kalamu chini. Hiyo aina hakuwa anaijua.

Walikaa katika chumba cha mikutano, chini ya ubao wa alama. Ubao ule ulikuwa fahari ya ukurasa: kila aina ya gemu na safu yake, kila gemu na pini yake, juu kabisa kumi, chini kabisa moja. Mhariri, kijana wa kumzaa, alikuwa mle ndani akitayarisha jedwali la mwaka. Amesimama mbele ya ubao mikono kiunoni, kama fundi anayeutazama ukuta uliopinda.

Mtengenezaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mbele tu. Watu wote walimwita Fundi, hata yeye mwenyewe.

"Mama, nimekuja kukushukuru," akasema. "Wengine wote waliniambia gemu ni nzuri. Marafiki, ndugu, wote waongo. Wewe peke yako uliona gari linachelewa kwenye kona."

"Ndiyo kazi yangu."

"Nimelitafuta hilo kosa wiki sita. Nilidhani gari ni zito, nikatoa mvua. Bado sikuliona. Nikatoa taa za barabarani. Nikatoa watazamaji. Mwisho nikatoa miti." Akakohoa. "Miti aliichora mke wangu, mmoja mmoja, miaka miwili, hakuna mti uliofanana na mwenzake. Nilipoitoa yote, alihamia kwa dada yake."

Mama wa chai aliyekuwa akikusanya vikombe akavikusanya polepole zaidi.

"Simlaumu," Fundi akaendelea. "Aliniambia gari halichelewi. Nikamwambia wewe unajua kuliko Bi Sita? Sasa naomba kitu kimoja tu, mama. Nioneshe. Nikiliona kosa nitalitengeneza, nitamwita arudi, nitamwambia nilikuwa na haki."

Bi Sita akaichukua rimoti ya gemu. Barabara ilikuwa tupu, nyeupe pembeni, kama nyumba iliyohamwa. Gari likaondoka. Kona ya kwanza ikaja, akabonyeza, na gari likaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

"Umeona?" akasema. Na alimaanisha.

"Rudia, mama. Nimeweka kitaa pale pembeni juu. Kitufe kikibonyezwa tu, kitaa kinawaka. Tupime gari linachelewa kiasi gani baada ya taa."

Akarudia. Kona ikaja, akabonyeza. Taa ikawaka na gari likageuka, kwa pamoja, papo hapo, na vyote viwili vilikuwa vimechelewa. Ukutani.

Akarudia tena. Safari hii hakutazama gari. Alitazama taa. Akakiambia kidole sasa. Akahesabu moyoni: moja. Halafu taa.

Akaiweka rimoti mezani.

"Haiwezekani," Fundi akasema, ameegemea kioo mpaka pua inakigusa. "Taa na gari vinakwenda pamoja. Basi hata kitaa changu kibovu. Mungu wangu, hata kitaa."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, kitaa kibovu, kazi yako yote mbovu, nenda ukajifunze. Fundi angeamini. Angerudi nyumbani akatoe barabara yenyewe. Na Bi Sita angebaki na meza yake, ubao wake, jina lake, na mwaka mwingine pengine, kabla mtu hajamtazama mikono. Nje ya ukurasa ule alikuwa nani? Mwanamke wa makamo mwenye maneno mengi. Wako wengi, hawalipwi.

Bi Sita akaisukuma rimoti mbele ya Fundi.

"Mpe mama wa chai," akasema.

"Mimi?" Mama wa chai akajifuta mikono. "Mimi naendesha toroli tu, dada."

"Ndiyo maana."

Mama wa chai akaishika rimoti kama mtu anayeshika samaki hai. Kona ya kwanza akaikata. Ya pili akapanda ukingo kidogo, akasema samahani kwa gari. Ya tatu akaikata ulimi nje. "Si linakata tu," akasema. "Limekosa nini?"

Fundi hakuelewa hata hapo. Imani ni ugonjwa. "Labda kwa anayecheza kwa kasi zaidi," akaanza. "Labda mama akibonyeza kwa nguvu..."

"Si gari, mwanangu," Bi Sita akasema. "Ni kidole."

Akauweka mkono wa kulia mezani, akakituma kidole gumba kikiguse cha shahada. Wote wanne wakakingoja. Kikaja kwa wakati wake, kinatetemeka.

Mhariri akageuka akautazama ubao, safu moja baada ya nyingine. Mpira, chini. Ngumi, chini. Risasi, chini. Mbio, chini. Mafumbo, shamba, hadithi, juu, pini zimesongamana kama kuku chini ya paa la mvua.

"Nina barua arobaini za wasomaji," akasema taratibu. "Zinasema wenye gemu za mafumbo wamekununua. Na mimi, Bi Sita, nisamehe, nilikuwa nimeanza kuamini."

"Afadhali ningehongwa," Bi Sita akasema. "Hongo ningerudisha, mkono ungebaki wangu."

Fundi alikuwa bado ameshika kompyuta yake. "Kwa hiyo halikuwa linachelewa."

"Halikuwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Mkeo alisema kweli."

Bi Sita alingoja matusi, na angeyapokea. Fundi akafunga kompyuta, akaifungua, akaifunga tena. "Miti ninayo, niliweka nakala," akasema. "Mke ndiye sina nakala yake."

Mhariri akakohoa, akavaa sauti ya ofisini. "Hili linatengenezeka. Tunaandika kosa la uchapaji. Tatu ilikuwa nane. Fundi anapata haki yake, Bi Sita anabaki na ukurasa, hakuna aliyeumia."

"Na ya ngumi? Na ya mpira? Zote kosa la uchapaji? Mchapaji naye atakuwa mgonjwa."

"Basi hii moja."

"Mwanangu, hujanielewa. Mimi sijui kama hii ni nane. Niliimaliza huku nimelitazama gari kama adui. Sikuicheza mimi, iliniburuza, na huko si kumaliza. Hakuna kumaliza, hakuna alama."

"Mama," Fundi akasema, na sauti yake ndiyo iliyomkata, kwa kuwa haikuwa na hasira. "Nipe hata sita. Nimpelekee karatasi. Sita yako inatosha."

"Sina. Ningekuwa nayo ningekupa."

Akaenda mezani kwake akaandika palepale, kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama kuku anayedonoa uwanja mkubwa. Aliandika kwamba gemu nne za mwaka ule alizipa alama mbovu na ubovu ulikuwa wa kidole chake. Kwamba aliyeacha kuzinunua kwa sababu ya neno lake alidanganywa, na aliyezitengeneza alidhulumiwa. Kwamba alama hizo zimefutwa, na hakuna mpya badala yake, kwa sababu aliyeziweka hawezi tena kuzicheza gemu hizo. Ile sentensi ya barua na kona akaiandika upya yote, ili atakayecheka ajue anamcheka nani.

Mhariri akaisoma amesimama. "Hii ikitoka, za kasi nitampa mtu mwingine."

"Najua."

"Na hizi za polepole, wakubwa watauliza kwa nini tukuachie."

"Najua hilo pia. Chapa."

Akampigia binti yake simu. "Yule daktari uliyekuwa ukimtaja mwezi wa pili."

Upande wa pili zikasikika sauti za masanduku ya dawa yakiwekwa chini. "Nakuja kukuchukua, mama."

"Usije na uso huo."

"Hujauona."

"Nimeusikia."

Aliporudi chumba cha mikutano kung'oa pini zake nne, kichwa cha pini kilimshinda. Kidogo mno, kinateleza. Akajaribu mara tatu, akaacha. Fundi alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, na barabarani miti ilikuwa imerudi.

Bi Sita hakuwa ameiona miti ile. Alimaliza gemu nzima bila kuiona, jicho liko ukutani akingoja kugonga. Mmoja umeinama kama mtu anayechungulia jikoni. Mmoja umevaa shati la mtu lililopeperushwa na upepo. Mmoja una kivuli kinachoivuka barabara, ukipita chini yake kioo cha gari kinaingia giza kisha kinatoka.

"Endesha," akamwambia, akaketi pembeni na mikono mapajani.

Fundi akaendesha. Kona ya kwanza ikaja, na mwili wa Bi Sita ukalala kushoto pale pale, kabla ya gari kidogo, kama ulivyolala miaka yote. Ya pili, kulia. Ya tatu ile mbaya, akavuta pumzi sekunde ile ile inayotakiwa. Hakukosa hata moja. Kidole gumba kilikuwa kinacheza peke yake chini ya kanga, kinakuja nyuma ya kila kona, kimechelewa, kimechelewa.

Gari likafika mwisho, Fundi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni ngapi, mama? Baina yetu tu. Sitaandika popote."

Namba ilikuwa imeshamfika mdomoni. Akaimeza, akainuka, maana binti yake alikuwa amesimama mlangoni na ule uso.